Ombi la Kuachiwa Sumu Kidogo

Kwa Mtaalamu wa Udongo, ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu niliyembeba mgongoni,

YAH: KUSAFISHIWA UWANJA BILA KUFIKIRIWA

Mheshimiwa mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima, cherehani nzima, ila roho haijatulia. Nimeamua kukuandikia kiofisi, maana nikikueleza kwa mdomo unacheka tu na kusema, "Shangazi bwana!"

Kwangu unapajua: chumba na uwanja nyuma ya kiwanda cha zamani cha betri, ninaposhona magodoro na kulea mjukuu. Mwaka jana ulikuja na watu wako mkapima udongo, mkasema umejaa risasi, yale madini ya sumu yaliyomwagika kutoka kwenye betri. Mkapanda kenafi, mmea wa nyuzi, mkatuahidi kwamba mizizi yake itainyonya risasi taratibu, ipande kwenye mabua, nanyi mtavuna na kwenda nayo mbali. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na sasa najuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kenafi yako imerefuka kupita kiasi. Zamani nikikaa kwenye cherehani niliuona mlango wa jirani muuza mkaa: nani kaingia, nani katoka, na amebeba nini. Sasa naona majani matupu. Juzi binti wa jirani kaposwa, nami nikaja kuambiwa na muuza maziwa. Kwa mtu wa hadhi yangu, hiyo ni aibu.

2. Vijana wako wanakata mabua wakiwa wamevaa glavu, buti na barakoa. Niliomba nyuzi kidogo tu za kujazia godoro, nikaambiwa ni sumu, nisiguse. Nyuzi nzuri vile, jamani! Nimeishi juu ya udongo huohuo tangu niolewe, na hakuna hata siku moja mtu aliyekuja kunivalia glavu.

3. Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Hati ya hapa sina, baba watoto hakuiacha, unajua. Kilichotulinda miaka yote ni kile kibao kilichoachwa na kiwanda: HATARI, UDONGO WENYE SUMU. Wenye uchu wa viwanja walikuwa wakifika, wanasoma, wanageuza gari. Hata mama yako, wifi yangu mpenzi, ambaye akimtembelea mtu huja na begi la mwezi mzima, kwangu alikunywa maji ya chupa akiwa amesimama, akaaga. Mvua ilipokifuta kibao nilikipaka rangi mwenyewe, na lile fuvu nikaliongezea meno. Lakini tangu kenafi istawi, kuna bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa. Anakuja, anapima uwanja kwa hatua zake, anavuta hewa, anatabasamu. Mwanangu, tabasamu lile silipendi.

4. Kwa hiyo naomba rasmi usafishaji usimame hapohapo ulipofika. Msiitoe risasi yote. Tuachieni kiasi cha kutosha kumtisha bwana wa viatu. Kama haiwezekani, basi mabua mliyokwisha kuyabeba yarudishwe tuyafukie wenyewe, kwa kuwa risasi ile ni ya hapa kwetu na sikumbuki kuweka sahihi kwamba ichukuliwe. Na kama hilo nalo gumu, ng'oeni hii kenafi mpande mmea mvivu.

5. Najua utaniuliza habari za mjukuu, yule mke mwenzangu mdogo. Najua ni kwa ajili yake ulikuja na hizo mbegu. Tangu daktari aikute risasi kwenye damu yake amekuwa mtu wa kukaa mlangoni, tumbo linamsumbua, hachezi na wenzake. Inaniuma, sikufichi. Lakini nimeshamtandikia mkeka asishike udongo, na mikono namnawisha mpaka inakunjamana. Tukifukuzwa hapa atalala wapi? Hilo kenafi yako haijanijibu.

Nakutakia kazi njema, ila isiwe njema sana. Nisalimie mkeo, wanao, wifi yangu na begi lake, na dereva wako aliyeikata kamba yangu ya kuanikia nguo.

Ni mimi shangazi yako,
Fundi Magodoro

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, binti yangu akaingia na mtoto kutoka hospitali. Daktari anasema risasi kwenye damu imeshuka. Mambo ya vipimo mimi siyajui. Nilichoona ni kwamba huyu mtoto, hata kandambili hajavua, alimwona jogoo wa muuza mkaa akamtimua mpaka ndani ya kenafi, nami nyuma yao nikipiga kelele, hadi nikaishiwa pumzi nikakaa chini. Nikalia kidogo. Usimwambie mama yako. Mtoto nimeshamnawisha. Mwanangu, vuna, halafu panda tena, panda mpaka dirishani kwangu. Habari za jirani nitazipata kwa muuza maziwa. Kibao njoo ukichukue siku ukimaliza. Na huyo bwana wa viatu akituhamisha, tutahama. Mizigo nitabeba mimi, mjukuu atatangulia mbio.