Jeshi Langu la Napoleoni na Kiti cha Bakari

Jumatatu, 2 Juni

Pikipiki ya kutoka mjini Kindu imeleta karton mbili kutoka Ubelgiji. Yassine, mtoto wa dada yangu Cécilia, amekumbuka wazee. Nilitegemea viatu. Nimefungua yangu: askari wa plastiki, wadogo kama kidole, wa zamani za Napoleoni! Barua inasema kule wazee wenye akili zao wanawaunganisha, wanawapaka rangi, halafu wanapiga vita juu ya meza. Eti inazuia mikono kutetemeka. Yangu haitetemeki. Labda ikiona jembe.

Waingereza, wa kupakwa nyekundu, wako kwenye karton ya pili, ya Bakari, baba yake Yassine. Wafaransa, wa buluu, ni wangu.

Bakari ni shemeji yangu, fundi cherehani mstaafu na mnyang'anyi wa kiti. Barazani kwa Véronique, tunapokunywa chai, kiti chenye mgongo kiko kimoja tu. Miaka sita anakikalia yeye. Mimi niko kwenye benchi lenye msumari. Ule msumari unanijua kuliko daktari. Nimemwambia mbele ya wote: Jumapili baada ya misa Véronique aamue jeshi la nani ni zuri. Mshindi achukue kiti mpaka kaburini. Amekubali huku anacheka. Hajui mimi nikifanya kazi niko namna gani. Kweli, hata mke wangu Marcelline hajui.

Jumanne, 3 Juni

Hawa si askari, ni maiti! Kichwa huku, miguu kule, bunduki pembeni. Kiwanda kimewatuma baada ya vita. Karatasi ya maelezo iko ya Kizungu kisicho Kifaransa, nimesoma picha. Shule niliacha kalasi ya ine, picha nazijua vizuri.

Kole ya kuwagandisha iko moja tu, na iko kwenye karton ya Bakari. Nimemtuma Marcelline. Amerudi mikono mitupu na ujumbe: kole ipo, shemeji aje aombe mwenyewe, kwa adabu. Mimi? Kuomba? Nimepika uji mzito wa unga wa muhogo, ule tuliobandikia picha za wakubwa wakati wa uchaguzi. Zile picha ziko ukutani mpaka leo. Ahadi ndizo zilidondoka.

Ishirini wamesimama kabla ya chakula. Mmoja nilimpindua kichwa chini nipake uji, nikamgeuza haraka haraka. Sasa miguu inakwenda mbele na uso unatazama nyuma. Nimemfanya kamanda.

Jumatano, 4 Juni

Kuku wa Marcelline wamegundua kwamba jeshi langu limeungwa na chakula. Wafaransa kumi na saba hawana vichwa! Jogoo amekimbia na farasi. Kamanda amepona. Alikuwa anatazama nyuma, aliwaona wakija.

Nimeokota vichwa uani. Iliasi, fundi wa baiskeli, amenipa kole ya kuzibia mipira na rangi ya buluu ya kupakia fremu. Makoti yametoka mazuri. Suruali nimepaka chokaa. Nani anaenda vitani na suruali nyeupe? Lazima mtu mwingine ndiye alikuwa anafua.

Iliasi anasema rangi yake inakauka kwa siku tano. Tano! Jumapili iko karibu kuliko hapo.

Alhamisi, 5 Juni

Kwetu kitu kibichi kinapanda kwenye kichanja cha jikoni, juu ya moto. Samaki, mahindi, mbegu, vyote vinakaukia hapo. Basi askari nao! Nimewapanga katikati ya kambale. Marcelline alikuwa ameenda kisimani, ameacha chungu cha sombe, majani ya muhogo, motoni. Nimeongeza kuni mbili. Nimeongeza tena mbili. Nimeenda kujinyoosha kidogo.

Nimeamshwa na harufu ya tairi. Jeshi lote limeinama kama liko kanisani. Wengine wamegandana na kambale. Wengine wamedondokea chunguni. Marcelline amerudi, ameonja sombe kujua chumvi, ametoa buti mdomoni. Ameliweka kwenye sahani yangu. 

Baadaye amesema niende kwa Bakari nikaombe msamaha na kole, ni mume wa dada yangu, atanipa hata nusu ya askari wake. Nimemjibu kwamba Napoleoni hakuomba mtu. Akauliza Napoleoni aliishia wapi. Sijui. Hiyo iko kalasi ya tano.

Kamanda alikuwa pembeni, karibu na mlango. Mzima.

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Nimeenda kwa Bakari kumpa mkono. Nyumba imejaa. Jeshi lake limesimama juu ya cherehani, nyekundu safi, na vifungo. Vifungo! Amevipaka kwa ncha ya sindano, mutu huyu.

Wakati anagawa nyama, nimetia kumi na tisa ndani ya koti. Alikuwa nao arobaini. Nimemwachia ishirini na mmoja, mimi si mnyama. Dada Cécilia amenikumbatia kwenye kuagana, bunduki zikamchoma. Akauliza nimebeba nini. Nikasema rozari.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewapaka buluu wote. Kofia zao ziko tofauti kidogo, lakini Véronique anauza chai, hakusomea vita. Rangi haijakauka. Kesho itajua yenyewe.

Bakari amepita, anasikitika: askari wake wengine hawaonekani, labda wageni wa Idi. Nimempa pole. Nimemsaidia hata kutafuta.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya misa, wote barazani. Véronique amesifu jeshi langu, akamwinua mmoja, vidole vikawa buluu. Akamfuta na kitenge. Chini, nyekundu. Akamgeuza. Chini ya miguu, herufi B, alama ile Bakari aliyokuwa anatia kwenye nguo za wateja zisipotee.

Wote wakatazama chai zao. Nimeeleza kwamba hao ni waasi waliojiunga na jeshi, kwetu si jambo geni. Wamecheka wote isipokuwa Bakari.

"Shemeji, kole ilikuwa kwangu wiki nzima," amesema. "Si ungeniomba tu."

Akaiweka mkononi mwangu. Akasema mgongo wangu anaujua, asubuhi yoyote nikikiomba kiti atasimama anipishe. Niombe tu.

Jumatatu, 9 Juni

Maneno ya Bakari yameniingia. Nimeyafikiri sana. Kole ninayo!

Kifua cha Bakari hakipendi moshi. Kiti kikiganda pale barazani, kwenye kona ya jiko la makaa, nani atakikalia? Mimi, bila kuomba mtu. Véronique alipoenda kuchota maji nimekipeleka konani, nimekipindua miguu juu, nimepaka kole yote na ile ya Iliasi, nimekigeuza haraka haraka, nimekikalia kwa nguvu kwenye sementi mpaka kikashika. Kimeshika! Hata tembo hakiondoi.

Bakari amefika, amekaa kwenye benchi. Nyuma yangu wanacheka, sijui nini, siwaoni. Kiti kinatazama ukuta.

Kamanda nimemweka mbele yangu, kwenye mkono wa kiti. Yeye anawaona.