Kanuni ya Mlango

Nina heshima kutangaza kwamba Bunge la jimbo letu halijawahi kumbagua mwanamke. Choo cha wajumbe wanaume kiko ng'ambo tu ya mlango wa ukumbi. Cha wanawake kiko ghorofa mbili chini, karibu na tanuru la jengo, ambako wakati wa theluji kuna joto zuri sana. Mimi ndiye msimamizi wa mlango, nayajua haya.

Mheshimiwa Lorna Haugen alikuja kwetu baada ya kaunti yake kufungiwa wodi ya wazazi. Mdogo wake alijifungulia ndani ya gari, njiani, na mtoto hakuishi. Lorna akaleta mswada wa kuifungua tena wodi. Sisi tukamtunuku uenyekiti wa Kamati ya Mapazia. Aliuleta kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka kura ilipigwa yeye akiwa kwenye ngazi. Sadfa tu.

Mwaka huu Spika wetu, Mheshimiwa Vernon Kluge, aliboresha utaratibu: mlango ukishafungwa, anayetoka harudi mpaka kura iishe.

"Haibagui mtu," aliniambia akinikonyeza. "Bibi yule atajibana mpaka lini?"

Siku ya mswada, Lorna alifuata desturi yetu: mwenye mswada huwakirimu wenzake kahawa na pai ya tufaha. Kukataa ni utovu wa adabu, na watu wa huku wataacha vyote, si adabu.

"Nikuongezee, Mheshimiwa Spika?"

"Imetosha, Lorna."

"Kikombe kimoja tu? Marehemu mama yako angenisema!"

Akanywa. Wakanywa wote, wakarudia. Lorna hakugusa hata tone.

Nikafunga mlango. Lorna akasimama, akaeleza habari za wodi na za mdogo wake. Kisha akauelezea kwa kirefu mto wa kaunti yake, jinsi unavyotiririka, na mabomba ya wodi ya zamani, jinsi yalivyokuwa yakivuja. Wapambe wa Spika wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa hatua fupi fupi.

"Fupisha, mama!" Spika alifoka, jasho likimtoka.

"Mimi nimengoja miaka yote hii, Vernon. Jikaze kidogo."

Spika akatoka mbio. Kiti kikibaki wazi, kanuni humpa mjumbe aliyetumikia muda mrefu kuliko wote. Lorna akapanda, akakikalia.

Mara Spika akaugonga mlango kutoka nje.

"Fungua! Choo kimejaa watu wetu!"

"Kanuni haibagui mtu, Mheshimiwa," nilimjibu kwa heshima zote. "Ila kuna kingine ghorofa mbili chini, karibu na tanuru. Kuna joto zuri sana."

Mswada ulipita kwa kura za waliobaki ukumbini, wodi itafunguliwa. Kura ilipigwa Mheshimiwa Spika akiwa kwenye ngazi. Sadfa tu.