Bolti Iliyokatikia Ndani

Garsen, Jumatatu, 12 Machi 1956

Balaa! Nilikuwa nakaza pampu ya maji ya lori la Mzee Hirsi, hapa uani kwake. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi. Nguvu nikapata. Bolti ikakatika: nusu mkononi mwangu, nusu ndani ya injini.

Mimi ni mpakiaji mizigo tu, lakini nilimwambia Mzee nimesomea injini. (Niliishia darasa la tatu. Injini haikuwemo.) Lori lisipoondoka kwenda Mombasa kabla ya mvua, mto utafunga njia, nami nitakwama hapa mpaka Julai. Mke wangu yuko Maragoli. Miaka miwili hajaniona! Likizo yangu imo ndani ya tundu hilo.

Jumanne, 13 Machi

Mzee aliuliza lori linaendeleaje. Nikasema limebaki jambo dogo. Kweli dogo: halifiki kidole gumba.

Kassim, fundi mashua wa Kipini anayejenga duka la jirani, akachungulia juu ya ua. Akasema niloweke kwa mafuta ya taa, kisha nigonge taratibu kwa tindo. Nikamjibu lori si mashua. Akasema haya, bwana mkubwa wa injini. Wapagazi wakacheka. Simpendi.

Alipokwenda kula nikachukua kibuyu chake cha mafuta ya papa. Mafuta ni mafuta. Nikajaza tundu.

Jumatano, 14 Machi

Yameganda kama gundi! Kumbe hupakwa mashua ili maji yasipenye, yakishakauka hayaachii. Bi Batula, mke wa Mzee, aliuliza nani amefia kwenye lori. Paka wanne juu ya injini. Watu wa Kulesa wanasema mto umeanza kujaa.

Alhamisi, 15 Machi

Nimesalimu amri. Nilimwita Kassim kaka. Akasema kaka zake wote ni wavuvi na hakuna anayenuka hivi.

Akakwangua tundu, akalisafisha kwa mafuta ya taa, akalipangusa, akalipasha kwa makaa. Kisha tindo ukingoni, kuelekea kushoto, tik, tik, kama anabembeleza mtoto. Kipande kikatoka! Mzee akatoa bolti mpya, akasema safari kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nikageuka nifute machozi.

Kassim akaonya: kaza kwa mkono mmoja, ikigoma, acha. Bomba langu akalitupa nyuma ya choo.

Ijumaa, 16 Machi

Lori limepakiwa. Mzee na Kassim wako msikitini. Nimekaza bolti kwa mkono mmoja, ikagoma, nikaacha. Nikakaa. Nikawaza. Barabara ya Mombasa ina mashimo mengi. Na mtu wa mbao anajua nini habari za chuma?

Bomba lilikuwa palepale nyuma ya choo.

Krak.

Matone ya kwanza yanagonga boneti. Watu wanatoka msikitini, namsikia Mzee akiniita. Lakini akili inafanya kazi. Kosa la Jumanne nimeshaligundua: mafuta ya papa yalikuwa machache.

Kibuyu bado kina nusu.