Kopa Tatu, Bei ya Kuanzia

Ijumaa, 5 Septemba

Aibu tupu. Tumeanguka, na Faquir, jirani yangu wa sokoni, kaona.

Ilikuwa alasiri, barazani kwa Professora Alima. Kafundisha hesabu hapa Palma miaka thelathini. Sasa kastaafu, anatufundisha briji, mchezo wa karata ambao marehemu mumewe aliuleta kutoka kisiwa cha Vamizi alikokuwa mpishi wa wageni. Mnacheza wawili kwa wawili. Kabla ya kutupa karata mnaahidi: katika raundi kumi na tatu, mtakula ngapi, na turufu iwe nini. Mwenzake Professora ni mimi. Nakaa mkabala naye.

Nikafungua: uru moja. Akajibu: kopa moja. Maana yake anazo kopa nne au zaidi, na anauliza mimi nina nini. Kopa nilikuwa nazo nne. Mkono wenyewe, yaani karata zote nilizoshika, mdogo, lakini hilo nani analijua? Nikasema kopa tatu. Bei ya kuanzia! Mimi muuza mabeseni na kapulana za kujifunga, sijawahi kutaja bei ya mwisho kwanza. Nikamsubiri ashuke mbili tupatane.

Akapanda nne: sita za lazima na nne juu yake. Raundi kumi! Tukala nane.

Nikamlaumu kwa kutoshuka. Akanieleza taratibu, kama mtoto wa darasa la pili, kwamba kwenye briji hakuna kushuka, ni kupanda tu. Soko gani hilo? Akarudia kanuni yake: akijibu kopa na mimi ninazo nne, niseme papo hapo. Mkono mdogo, mbili. Wa kati, tatu. Mkubwa, nne. Basi.

Kisha pigo. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Gaspar, muuguzi wa Quitunda, na mkewe Flávia, kupambana nasi. Nikimdanganya Professora siku hiyo, kiti changu anapewa Faquir.

Jumamosi, 6 Septemba

Faquir! Meza yake sokoni imegusana na yangu. Mabeseni yaleyale, kutoka Mtwara kulekule. Mwezi wa saba kasogeza turubai lake, kivuli chote kikawa chake. Leo kaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama kile kiti kina mto au aje na wake mimi nikiondoka.

Niseme kweli, maana hapa hapasomi mtu. Tangu turudi Palma kutoka ukimbizini, pale barazani ndipo mahali pekee ninapowekewa kiti kabla sijafika. Nakipenda kiti kile. Kikienda kwa Faquir nitaumia sana.

Jumatatu, 8 Septemba

Mazoezi nyumbani na mke wangu, Biubwa. Hajui briji. Nikamgawia karata, nikamsomea kanuni, nikamwonyesha mkono wangu. Akautazama kidogo tu. Akasema kopa ninazo nne, mkono wenyewe mdogo, niseme mbili nimwache aendelee na samaki wake.

Nikamwambia biashara haijui.

Mchana alikuja mama mmoja kutoka Quiterajo, anataka beseni kubwa. Nikamtajia bei ya kuanzia. Akageuka. Akanunua kwa Faquir. Bila shaka hakuwa mnunuzi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Nilikuwa nasuka kamba ya kufungia mabeseni, ikanijia yenyewe. Kama bei ya briji haishuki, inapanda tu, basi mjanja anaanzia chini! Nikiwa na mkono mkubwa nitasema kidogo. Professora atanipandisha mwenyewe, hatua kwa hatua, akidhani ni akili yake. Nikacheka peke yangu mpaka Faquir akauliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mikono ina uzito. Lakini nitaandika.

Watu walijaa baraza. Mpaka mkono wa mwisho tulikuwa sawa na wa Quitunda, nukta kwa nukta, na sikuwa nimedanganya hata mara moja, maana karata zangu siku nzima zilikuwa takataka. Professora alikuwa ananitazama kwa macho mazuri.

Mkono wa mwisho. Pointi ishirini, mkono mkubwa kabisa! Na kopa nne, rea na mzungu wa nne, karata kubwa kuliko zote, ndani yake. Nikafungua: uru moja. Flávia akapita, haahidi kitu. Professora: kopa moja. Gaspar akapita. Kanuni inasema niruke mpaka nne. Ushindi ulikuwa pale.

Nikakaza uso. Kopa mbili.

Professora akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu lile. Akasema amepita. Wote wakapita. Nikamkodolea macho anipandishe, nikakohoa, lakini mnada ulikuwa umefungwa.

Na mchezo huu una ukatili wake. Aliyeitaja kopa kwanza ndiye anayecheza, na mwenzake anaziweka karata zake zote wazi mezani. Nikaziweka. Moja moja. Gaspar, mtu muungwana, akaangalia dari.

Tulikuwa tumeahidi raundi nane. Professora akala kumi na moja. Zawadi kubwa ni ya aliyeahidi kumi, siyo ya aliyezila tu. Tukapata kijizawadi. Wenzao wa Quitunda walikuwa wamecheza karata zilezile na Faquir na mwenzake asubuhi, wakaahidi nne, na hesabu zinalinganishwa. Wakashinda.

Professora akakusanya karata, akazipanga, akanitazama.

“Mwanangu Husseni,” akasema, “leo nilikuamini.”

Nilitamani baraza lipasuke linimeze.

Jumapili, 14 Septemba

Faquir kaambiwa aje Ijumaa. Kanunua kofia mpya.

Sikubali. Nimemwandikia Professora mensagem ndefu kwenye simu. Nataka aniombe radhi mbele za watu. Nataka Faquir asikanyage pale. Nataka kiti changu kihamishiwe upande wa upepo. La sivyo, simkanyagii baraza lake mwaka mzima.

Biubwa kasoma begani kwangu. Akaniuliza, “Baba Nasma, hasa unataka nini?”

Nikamjibu nataka kiti changu.

“Basi mwandikie hivyo.”

Masikini mke wangu. Mtu anaanza juu, wa pili anavuta chini, mnakutana katikati. Nimetuma.

Jumanne, 16 Septemba

Jibu limekuja saa nne, nikiwa na mteja. Nimemwacha mteja.

Professora ameandika: “Nimesoma. Mwaka mzima, nimekubali. Karibu tena Septemba, in shaa Allah.”

Nimekaa chini ya jua, maana kivuli ni cha Faquir. Machozi yalinilenga, sifichi. Hakubishana hata kidogo! Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anachukua bei ya kwanza kama ilivyo!

Biubwa anasema niende kwake kwa miguu yangu, nimwambie samahani, nakipenda kiti, nitasema ukweli. Maneno matatu, anasema, na Professora ana huruma.

Nimefikiri mpaka adhuhuri. Kosa nimeliona. Mwaka mmoja ni bei ya chini mno, ndiyo maana hakushtuka. Nimemwandikia upya: miaka mitano.

Imekwenda. Sasa nasubiri ashuke.