Tulikuwa Saba

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Muuza ndoo, yule mrefu anayeinama kuingia dukani kwangu, ameleta kitambulisho nimtolee fotokopi. Akiwa pale kaunta akaanza kuimba kwa pua wimbo wa Kikokotoo. Wa Kikokotoo! Mtu ambaye mwaka jana alikuwa hatofautishi hip-hop na kwaya. Wivu ukanipanda mpaka nikakopi upande mtupu wa kitambulisho.

Nimwandike vizuri hapa, shajara itunze. Kikokotoo ni binti, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Mchana anauza misumari, mwisho wa wiki anachana mistari. Hana kampuni, hana meneja, hajawahi kupigwa redioni. Anarekodi chumbani kwake, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Miaka miwili iliyopita alichana mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kwenye karakana ya ushonaji ya dada yangu. Tulikuwa saba. Mimi. Kinamama wawili waliokuwa wanangoja magauni. Mama mdogo wake Kikokotoo. Mlinzi, amelala. Mpita njia aliyeingia kukwepa mvua. Na fundi simu. Dada simhesabu, alikuwa kazini.

Nilimweleza muuza ndoo yote haya. Akaniuliza kwa upole kama kopi yake iko tayari. Fundi simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka langu kwa bahati yangu mbaya, akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba na yeye alikuwepo. Nikamkumbusha kwamba alikuja kurudisha simu ya dada. Huko siyo kuhudhuria, ni kupeleka mzigo. Akasema kuwepo ni kuwepo. Ana majibu ya mkato huyu bwana, na watu wanampenda kwa hilo. Sielewi kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Kikokotoo kaja dukani! Mwenyewe, na fulana ya kazini yenye vumbi la saruji begani.

Anatoa kanda mseto yake ya kwanza, nyimbo tisa, kwa nguvu zake mwenyewe. Uzinduzi ni Jumamosi hii saa tisa alasiri, palepale kwa dada. Anataka nimchapie mabango mia mbili, na wiki ijayo majalada mia moja ya CD. Halafu akasema jambo lililonifanya nishike kaunta. Kwenye jalada ataandika jina la msikilizaji wake wa kwanza. Mmoja tu. Na atamtangaza jukwaani Jumamosi.

Aliposema hivyo alinitazama akatabasamu. Au alitazama stepla iliyokuwa nyuma yangu. Hapana, ni mimi.

Hapohapo fundi simu akaingia bila hodi, akamsalimia kama wamenyonya ziwa moja. Akamwuliza habari za mama mdogo. Anamfahamu mama mdogo! Walicheka. Mimi nikabaki napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sina mke, sina gari, na kipara kinaanza. Lakini kwa Kikokotoo nilitangulia. Hicho ndicho kitu pekee maishani nilichowahi kuwa wa kwanza, na sitakubali kunyang'anywa na mtu wa bisibisi.

Jumatano, 6 Machi

Ushahidi. Nimewaza usiku kucha, jibu ni ushahidi. Nina tabia ya kuandika shajara, kwa hiyo siku ile lazima niliiandika. Nimefukua daftari za zamani chini ya kitanda na kuipata. Nanukuu:

"Nimekwenda kwa dada kufuata suruali. Haijaisha. Kuna binti anapiga kelele. Nimengoja."

Basi.

Nimezisoma mara nne. Kisha nikachukua kalamu na kuongeza maneno mawili tu baada ya "kelele": "za kipaji". Wino wa zamani ulikuwa bluu, wa leo mweusi, ila ukilaza daftari mbali na dirisha haionekani sana.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na pini zikamdondoka kifuani. Akasema mdogo wangu, kwani ukiwa wa saba utakufa? Nikamjibu kwamba yeye hawezi kuelewa mambo ya muziki, maisha yake yote ni pindo na vifungo. Kuanzia sasa simsemeshi. Chakula nakula, maneno hapana.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umekamilika. Una sehemu mbili, maana fundi simu ni mjanja, mpango mmoja haumtoshi.

Sehemu ya kwanza ni bango. Nimechora bango zuri ajabu: jina la Kikokotoo kwa herufi nene, na chini yake mistari yake ninayoipenda kuliko yote:

Nimekaa kaunta nahesabu misumari,
bosi anahesabu saa, mimi nahesabu mistari.

Chini kabisa, karakana ya ushonaji, Jumamosi saa tisa. Kisha nikafungua bango hilohilo, nikafuta "karakana ya ushonaji", nikaandika "ua wa duka la mbao", mwendo wa robo saa kutoka hapa. Nikachapa nakala moja. Moja tu, ya fundi simu. Nikampelekea kwa mkono wangu na tabasamu. Akashukuru, akalibandika kibandani kwake. Maskini. Nilihifadhi kwa jina lilelile, sipendi kujaza kompyuta mafaili. Halafu nikaachia mashine ichape mia mbili za Kikokotoo huku nikipiga mluzi. Binamu yake amezifuata jioni, nimeshazifunga kwa kamba vizuri.

Sehemu ya pili ni simu. Nimetumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji, nikahesabu mpaka sitini. Nimemkabidhi fundi, nikamwambia naihitaji Jumatatu na ina picha za marehemu baba. Atakesha nayo, Jumamosi hatapata hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Na akipata, ataishia kwenye mbao.

Nimetulia kama maji ya mtungini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefunga duka mapema. Kinyozi amenipunguza pembeni ili katikati paonekane pamejaa. Nimenyoosha shati la michirizi. Mbele ya kioo nimefanya mazoezi ya uso wa mtu anayeshangaa kutajwa. Wa kwanza ulikuwa kama wa mtu aliyeibiwa. Wa tano ulikuwa mzuri.

Jioni dada amegonga mlango wa chumba changu. Akasema kuna jambo la uzinduzi anataka kuniambia. Nikamjibu nikiwa ndani kwamba mtu wa pindo na vifungo hana la kunieleza kuhusu uzinduzi. Akagonga tena. Nikaimba kwa sauti. Akaenda zake.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Nilifika karakana saa saba mchana, kabla ya kila mtu. Mlango umerudishwa tu. Vyerehani vimefunikwa shuka. Mabenchi hayapo, nikadhani yametolewa kufutwa vumbi. Nikachukua kigoda cha dada, nikakiweka mbele kabisa na kukaa, uso wa tano ukiwa tayari.

Saa nane, hakuna mtu. Nikafurahi. Hii ndiyo hip-hop ya kweli, nikajisemea, haina makundi ya wauza ndoo.

Saa tisa, hakuna mtu. Nikafurahi kidogo.

Saa tisa na nusu nikasikia kelele za mbali, kama za watu wanaoshangilia mpira. Kisha upepo ukageuka na ukaja mdundo. Ule mdundo wake wa harakaharaka, ambao nimewaeleza wateja wangu wote kwamba unatengenezwa kwa mtambo wa kisasa usiopatikana nchini. Ulikuwa unatokea upande wa mbao.

Nimekimbia. Sijakimbia tangu shuleni. Na kila nguzo niliyopita ilikuwa na bango, yale niliyoyapita tangu jana kwa fahari bila kuyasoma, na kila bango liliandikwa ua wa duka la mbao. Mia mbili! Mashine ilichapa ilichokikuta. Nilisimama kwenye nguzo moja nikajaribu kulibandua, sijui ili iweje.

Ua ulikuwa umefurika. Watu wamekalia mabenchi ya dada, wengine wamepanda juu ya marundo ya mbao. Fundi simu yuko benchi la mbele, na simu yangu mkononi, inawaka. Mimi nikabanwa nyuma kabisa, nyuma ya mgongo mmoja mrefu. Muuza ndoo.

Kwa hiyo sikumwona Kikokotoo. Nilimsikia tu. Na niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: alikuwa hatari. Alipochana wimbo wa mama mdogo wake aliyemsomesha kwa kufua nguo za watu, hata waliokuwa juu ya marundo waliacha kusukumana. Nikafuta macho kwa mkono wa shati la michirizi. Halafu nikakumbuka kwamba na hawa wengine wote wanafuta macho, na wimbo ule ulikuwa wangu, nikakasirika tena.

Kisha akasema anamtaja msikilizaji wa kwanza. Nikavaa uso wa tano.

Akamtaja dada.

Dada yangu! Kumbe kabla ya siku ile ya watu saba, binti alifanya mazoezi karakana kwa miezi mitatu baada ya kazi, na dada akawa anashona anamsikiliza. Akikosea mstari, dada anasimamisha cherehani. Akipatia, anaendelea. Na ule mdundo ndio hicho cherehani chenyewe, binti alikirekodi kwa simu. Dada akapewa maiki, akasema yeye alikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, lakini alisikia. Watu wakapiga vigelegele mpaka mbao zikatikisika.

Haikuishia hapo. Kikokotoo akamshukuru mtu mmoja wa fotokopi aliyehamishia shughuli uani bila hata kumwuliza. Alisema aliona mabango jana asubuhi yameshabandikwa kila mahali, akachanganyikiwa, akapiga simu yangu haipatikani, akaja dukani baada ya kazi akakuta pamefungwa. Ikabidi akamwangukie mwenye mbao. Sasa anaona karakana isingewatosha hata robo. Akaomba mtu huyo anyooshe mkono.

Nikanyoosha. Nyuma ya muuza ndoo. Ua wote ukageuka ukamtazama yeye, ukampigia makofi. Na yeye akapunga mkono!

Jumapili, 10 Machi

Sikutoka chumbani mpaka saa sita. Dada ameniwekea chai, haikuwa na neno la kebehi, na hilo limeniuma zaidi. Akasema alitaka kuniambia Ijumaa kwamba mahali pamebadilika. Nikamwambia najua. Akasema hakuomba kutajwa. Nikamwambia hilo pia najua.

Akarudi kwenye cherehani chake. Ta-ta-ta-ta. Nimekaa pale nikikitazama. Nimewaonea wivu watu wengi maishani, ila cherehani ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi simu amenirudishia simu. Aliikausha kwa dakika ishirini, Ijumaa mchana, akanitafuta nichukue akakuta nimeshafunga. Picha za baba zipo zote, na ameziweka pia kwenye kadi nyingine, zisipotee. Hakutaka malipo. Mtu wa kuudhi sana.

Baadaye akaja Kikokotoo na karatasi ya majalada. Jina la dada liko juu. Nikaangalia chini. Mimi simo popote. Nadhani aliona uso wangu, na haukuwa ule wa tano, maana akavuta kiti.

Akasema kaka, siku ile ya kwanza nilitaka kuacha katikati. Mlinzi amelala, kinamama wanasemezana magauni yao, mama mdogo kafumba macho kwa woga, mpita njia anatazama mvua, fundi anaangalia saa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amesimama ananitazama mwanzo mpaka mwisho. Nikajiambia, huyu hajaondoka, namalizia. Akasema hakujua jina langu, hata leo hajui, na sasa analitaka aliandike.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilikuwa nangoja suruali. Nilimtazama kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha kujaribia nguo. Lakini hakuniuliza sababu.

Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi. Nilipomwandikia risiti, nilisahau kuandika bei. Nilifurahi. Nimefurahi. Naandika mara mbili kwa kuwa si kawaida yangu.

Nimemwahidi fundi simu kwamba yamekwisha kati yetu. Tumepeana mikono. Nimebadilika kabisa, na nimemwambia hivyo mara tatu ili asisahau.

Jumatano, 13 Machi

Majalada mia moja tayari. Jina langu liko mstari wa pili. La fundi simu liko mstari wa tatu. Kwa nini lipo? Kwa sababu ya kuangalia saa?

Mchana kaingia kijana wa buchani, mpole, hazungumzi na mtu. Anataka mabango hamsini. Kumbe naye anachana! Alinichania mistari minne palepale kaunta, macho chini. Nywele zilinisimama, zilizobaki. Hajawahi kumchania mtu yeyote, amesema. Mimi ndiye wa kwanza. Wa kwanza peke yangu! Nimemfanya aandike tarehe na saa, aweke sahihi, nami nikaweka muhuri wa duka.

Onyesho ni Jumapili, stoo ya buchani, saa kumi.

Nilipoinua macho, fundi simu alikuwa ameacha kazi yake, shingo ndefu, anasikiliza kutoka ng'ambo. Akauliza kwa sauti huyo kijana ni nani, ana kitu.

Nimemwahidi nitampelekea bango. Moja tu, la kwake. Nimefuta "stoo ya buchani", nikaandika "ofisi za maji". Nimehifadhi kwa jina lilelile, nikaagiza chai, nikaachia mashine ichape hamsini.