Mama Mkwe, Mkanye Everline Aniachie Magurudumu Yangu

Shitanda,
Huruma.

Kwa Mama Mkwe mheshimiwa,
Kariobangi.

KUH: BINTI YAKO KUNIZUIA MLANGONI

Mama,

Natumai goti lako limepata nafuu na kuku wa jirani wameacha kuingia jikoni kwako. Sisi huku tu wazima, ila nina jambo. Kwa mila zetu siwezi kuketi nawe chumba kimoja, sembuse kusimama mbele yako nikilalamika juu ya mtoto uliyemzaa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kama ujuavyo, mimi husambaza mayai kwa baiskeli, kutoka hapo kwenu Kariobangi hadi vibanda vya Huruma na Kayole. Sasa kazi hiyo imeingiliwa. Kila asubuhi Everline hutangulia mlangoni, hukagua magurudumu, na asiporidhika sitoki. Naomba umwite umkanye, kwa sababu zifuatazo:

1. Ananiaibisha mbele ya ploti nzima. Huigeuza baiskeli miguu juu pale bombani, saa ambayo kila mtu anateka maji, kisha huzungusha gurudumu huku amefumba jicho moja, akitazama kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Halafu hugonga spoku, vile vijiti vya gurudumu, moja moja na kusikiliza, kama alivyofanya marehemu baba yake kwenye kibanda chake cha ufundi. Iliyolegea hutoa sauti nzito, naye huitangaza. Jirani yetu Luseno wa ghorofa ya juu siku hizi hanisalimii kama mtu mzima mwenye familia. Husema tu, "Niaje Shitanda, spoku imepona?" Mimi ni sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa, Mama. Sistahili hayo.

2. Aliniharibia tairi. Tairi la nyuma lilipochanika ubavuni nililishona mwenyewe kwa uzi wa fundi viatu, nikatia kipande cha tairi jingine ndani, kama wafanyavyo wanaume wote wa huku. Ni kweli lilivimba kidogo. Kila likizunguka lilininyanyua kitini kisha likanirudisha, na nilikuwa nimelizoea. Everline akalitazama akasema, "Hii tairi ina tumbo, Baba Annah. Itakupasukia Spine Road na lori iko nyuma yako." Akachukua kisu. Leo tairi langu ni bawaba za mlango wa choo. Kila nikienda huko huumia moyo, na siwezi kuacha kwenda.

3. Hana msimamo kuhusu upepo. Mimi hujaza kwa mashine ya kituo cha petroli, ile ya magari, hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Hiyo ndiyo raha ya mwanamume. Yeye huinama, husoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, hubonyeza kwa kidole gumba, halafu hunitolea upepo wangu hivi hivi nikitazama. Wiki inayofuata husema tairi ni laini na kunikabidhi pampu. Nilimuuliza wazi kama anautaka upepo au hautaki. Alinipa chai.

4. Maagizo yake ni ya hatari. Alisema gurudumu linahitaji mafuta. Mimi, mume msikivu, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na wateja wapya wa kuwapendeza, nikapaka rimu zote mbili mafuta yetu ya kujipaka hadi zikang'aa. Kwenye mteremko nikafunga breki na breki zikateleza tu, na nikasimama ndani ya kibanda cha Nzembi, mama mboga wetu. Mayai yote yakavunjikia hapo. Nzembi akaniuliza, "Wee Baba Annah, umekuja kununua nyanya ama kuzilalia?" Nilipofika nyumbani, Everline akanishika kichwa na mikono kuona kama nimevunjika, akalia kidogo, ndipo akaeleza kwamba mafuta ni ya pale katikati gurudumu linapozungukia, na rimu haiguswi kabisa. Hayo angeyasema mapema. Siwezi kukisia kila kitu.

5. Ana kopo. Nikipata pancha, fundi yeyote wa barabarani hubandika kiraka nikaenda zangu. Everline hupitisha kitambaa ndani ya tairi kwanza, polepole, hadi kinase kitu kilichonitoboa. Vipande vya waya na misumari huviweka kwenye kopo, na wageni wakija huwaonyesha kabla hata chai haijachemka.

6. Hili ndilo lililonivunja. Jumapili iliyopita mchungaji alipita kwetu kwa baiskeli kutuombea kabla ya ibada. Alipotaka kuondoka, Everline akamwambia kwa adabu kwamba nati za gurudumu la mbele zimelegea na tairi limeisha hadi nyuzi zinaonekana, kwa hiyo hataipanda. Mtumishi wa Mungu akaenda kwa miguu. Kanisani tuliimba pambio tukimsubiri hadi sauti ya nne ikakauka, na kwaya nzima inanilaumu mimi. Tangu siku hiyo mambo yameenea. Kivuva, askari wa usiku, hatoki kabla baiskeli yake haijapitishwa. Foleni ya baiskeli imechanganyika na foleni ya maji, na mwenye ploti ameanza kuuliza nani amefungua gereji.

Mama, nikisema ukweli, kinachoniuma zaidi ni kwamba haniamini. Nimeendesha baiskeli tangu nikiwa mdogo na bado niko hai. Mwanamume ambaye mkewe humkagua magurudumu ni sawa na mtoto anayekaguliwa masikio. Kwa hiyo naomba umwelekeze kwamba kazi yake iishie kwenye kizingiti. Ikishindikana, niko tayari kumleta kwenu mwenyewe tuzungumze mbele ya wazee. Nitamleta kwa baiskeli, ikiwa ataipitisha.

Wasalimie shemeji zangu wote, jirani mwenye kuku pamoja na kuku wenyewe, na akina mama wa kikundi chako cha maombi. Annah, mjukuu uliyempa jina lako, anasema umtengenezee chapati.

Ni mimi mkwe wako mwenye heshima zote na malalamiko machache,
Shitanda.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Everline ametoka nje ili ampeleke Annah shuleni kwa baiskeli yangu. Nimemkuta mtoto ameshaketi nyuma, miguu inaning'inia, anacheka. Nimelikumbuka lile lori la Spine Road, Mama. Nimemshusha. Nimeigeuza baiskeli pale bombani mbele ya kila mtu, nikazungusha, nikabonyeza tairi, nikagonga spoku zote. Sikuridhika, nikamwambia Everline arudie, kisha nikarudia mimi. Luseno anacheka kule juu, na acheke. Tafadhali usimwite Everline. Ila kama bado unayo ile spana ndogo ya marehemu Baba ya kukazia spoku, naiomba. Hapa tuna moja, na sasa tunaigombania.