Stempu za Marehemu Mfalme

Kasian aliona bahati yake ndani ya pipa la takataka, na kwa mtu wa tabia yake pale palikuwa mahali pake hasa. Alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Wazungu mjini Mbeya, mpaka akafukuzwa kwa jambo ambalo yeye aliliita kutoelewana na meneja aliliita vijiko. Akitoka kwa mlango wa nyuma siku hiyo, aliokota kitabu kinene kilichotupwa na mgeni. Ndani mlikuwa na picha ndogondogo za stempu za dunia nzima, na kando ya kila picha bei yake.

Kiingereza chake kilikuwa cha supu na viazi, lakini tarakimu alizisoma vizuri, hasa zikihusu fedha. Akafika ukurasa wa stempu za kwetu. Palikuwa na ile ya senti ishirini, kichwa cha mfalme na ndege wawili, iliyobandikwa karibu kila barua iliyopita Mbeya. Kitabu kilisema kwamba hata ikiwa imekwisha pigwa muhuri ni peni tatu, senti ishirini na tano za kwetu. Yaani stempu iliyolambwa, ikasafiri, ikatupwa, ilikuwa ghali kuliko mpya ya posta.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Kasian hakujiuliza. Tapeli hapendi swali ambalo jibu lake linaweza kumharibia kazi.

Akaanza kuzunguka nyuma ya maofisi, akiwabembeleza matarishi wampe bahasha zilizotupwa. Walimpa kwa furaha, maana alikuwa akiwapunguzia kazi ya kuchoma. Alizibandua stempu kwa maji ya moto, akazianika juu ya kitanda, akajaza kopo kubwa la biskuti. Kisha akavaa koti lake, akaenda mtaa wa Mwanjelwa.

Huko palikuwa na kilabu cha komoni, pombe ya mahindi, cha Atuganile, mwanamke mwenye sauti ndefu na vikombe vifupi. Komoni yake ilizidi kuwa nyepesi kadiri wanywaji walivyozidi kulewa, na aliyeshindwa kulipa aliacha jembe lake mlangoni. Watu walimsema vibaya njia nzima ya kwenda kwake, na bado walikwenda. Kilichowavuta ni gramafoni. Na gramafoni ndiyo aliyoitaka Kasian. Mwenye gramafoni hualikwa kila harusi, hula kabla ya bwana harusi, na hulipwa kwa kukaa kwenye kiti.

"Dada Atuganile," alisema, "umewahi kumwona mfalme?"

"Mimi si dada yako. Namwona kwenye shilingi. Kama hukumleta, usinijazie benchi."

"Nimemleta. Ila unajua amekufa mwaka jana."

"Basi mpe pole mkewe."

Kasian akafungua kopo, akalifunga upesi, kama mtu aliyeonyesha kidonda. "Sasa wanachapa za binti yake, malkia. Hizi hazichapwi tena. Tazama kitabu cha Wazungu wenyewe. Picha ni hii, stempu ni hii, bei ni hii. Iringa kuna Mhindi anaitwa Girish, dirisha la duka lake limejaa stempu. Anazitafuta."

Mambo ya dirisha yalikuwa kweli. Kasian aliwahi kulipita. Kuingia hakuingia.

"Kwa nini usimpelekee wewe?"

"Mimi na Wahindi wa Iringa tuna maneno kidogo."

Hilo Atuganile aliliamini bila shida. Akaiweka stempu kando ya picha, akahesabu ndege, wakawa wawili kotekote. Tamaa ilimwingia, akawa mpole ghafla. Alimkaribisha kikombe. Alisema gramafoni yenyewe sindano inakwaruza. Alisema yeye ni mjane. Jioni hiyo Kasian aliliacha kopo, akaondoka Mwanjelwa na gramafoni kichwani, na santuri alizibeba mpagazi aliyeahidiwa malipo ambayo mpaka leo anayangoja.

Siku chache baadaye Atuganile alipanda basi kwenda Iringa. Kasian alikwisha andaa maneno ya kumpokea nayo: Mhindi amesafiri, bei imeshuka, dunia imeharibika. Alijiandaa kwa matusi, na hata kwa kofi.

Lakini Atuganile aliporudi hakumfuata. Majirani walisema amevaa viatu vipya. Walisema amewanywesha watu bure. Kasian alipolisikia hilo la pili alikosa raha. Atuganile kugawa komoni bure ni jambo ambalo mtu angelipigia kengele ya kanisa.

Usiku ule alikitoa tena kile kitabu. Peni tatu. Peni tatu ilikuwa palepale, imepigwa chapa. Je, kama ni kweli? Je, kama yeye, Kasian, mjanja wa Mbeya nzima, amempa mtu dhahabu akapokea sanduku linalokwaruza?

Asubuhi alikuwa Mwanjelwa.

"Habari za Iringa?" aliuliza.

"Baridi."

"Na Girish?"

"Girish yupi?" Atuganile akatazama pembeni, na mguu wake, wenye kiatu kipya, ukalisukuma kopo la biskuti ndani zaidi chini ya meza.

Kasian akaliona. Ilikuwa imekusudiwa alione.

"Hukuuza zote?"

"Kaka, ondoka. Nina kazi."

Sasa amekuwa kaka, Kasian akawaza. "Nilikosa, dada. Nirudishie, nami nikurudishie gramafoni yako."

"Ile inayokwaruza? Kaa nayo. Mwisho wa mwezi narudi Iringa, Mhindi ananingoja."

Alimsihi mpaka wanywaji wa asubuhi wakageuka kutazama. Mwishowe akataja mabati. Aliyanunua kidogokidogo wakati wa vijiko, aezeke nyumba ya mama yake kule Ifunda, ambako mvua ikinyesha mama huhama na kitanda kutoka kona hadi kona. Yalikuwa kitu pekee maishani mwake alichokusudia kwa nia njema, akayatoa.

Atuganile alihema kwa huzuni kubwa. "Unanionea kwa kuwa ni mjane," alisema. Kisha akapokea gramafoni, akayapiga mabati kwa kidole kusikia kama ni mazito, akamsukumia kopo lake, akasema, "Ndaga," ambayo kwao ni asante.

Basi la Iringa lilipita Ifunda mchana. Kasian aliketi upande usioelekea kwa mama yake, akatazama shamba la mtu mwingine.

Girish alikuwa mzee mwenye miwani na subira. Kasian alilimimina kopo juu ya kaunta, akafungua kile kitabu kando yake. Girish akachukua koleo ndogo, akainua stempu moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaitia ndani ya bahasha ndogo.

"Peni tatu," alisema.

"Basi hesabu, bwana. Nitangoja."

"Hukunielewa. Hiyo ndiyo bei ninayouzia. Stempu hii haina thamani, bwana. Nyuma nina gunia zima. Lakini mtoto wa shule akija anataka hii moja, lazima niitafute, niitazame isiwe imechanika, niitie bahasha, nilipe kodi ya duka. Peni tatu ni ya kazi yangu. Kitabu ni cha wauzaji, wameandika bei yao ya kuuza. Hakuna mahali kimesema kwamba kuna mtu ananunua."

Kasian akakifunga kitabu, akakitia kwapani.

"Alikuja mama mmoja wa Mbeya," Girish aliendelea. "Yeye alielewa upesi sana. Alisema hata kwake komoni ya debe ni bei nyingine, na ya kikombe kilicholetwa mezani bei nyingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda duka la jirani akanunua viatu."

Kasian alipapasa mifuko yake. Nauli ya kurudi hakuwa nayo; alitegemea kurudi tajiri. "Nipe chochote," alisema.

Girish aliyatazama yale malundo ya marehemu mfalme, akatikisa kichwa. Kisha akalichukua kopo, akaufunga na kuufungua mfuniko, akalinusa ndani.

"Kopo ni zuri," alisema. "Litafaa kuwekea bizari. Shilingi moja."

Kasian akaipokea. Girish akalifuta kopo kwa kitambaa, akaliweka rafuni.

"Na uchafu wako uondoe. Nina wateja."

Kasian alijaza mifuko ya suruali, akajaza ya koti, akajaza kofia. Nusu ya stempu ilikuwa bado kauntani, na mlangoni upepo wa Iringa ulikuwa ukimngoja.

"Nisaidie mfuko wa karatasi basi," alisema.

Girish akautoa chini ya kaunta, akaukunjua, akaupuliza ndani ukafunguka vizuri.

"Senti tano," alisema, akafungua kiganja, na Kasian akairudisha ile shilingi ili apewe chenji.